Viatori, Jina Yenye Haina Kiti

Ninyi benye munasimama pale mulangoni, muingie, mukae. Muntu akisimama mbele yangu, miguu yangu miye njo inachoka. Maman, sogeza ile kitunga, mutoto apate fasi. Na kama kuko mwenye ameacha maharagi kwenye moto, aende ayaepue sasa, juu ya miye nikianza kusema, maharagi inaungua mpaka chungu inatoboka. Ilishatokea. Kuko mwanamuke mumoja wa Giheke hanisalimii mpaka leo.

Nataka kubaambia habari ya jina yangu. Viatori. Munaniita kila siku, lakini hamujui munaita nini.

Mama yangu alinizaa njiani. Sisemi kando ya njia. Njiani kabisa, katikati, fasi magari ingepita kama kungekuwa magari. Ilikuwa kule Kongo, ng'ambo ya muto Rusizi, fasi wazazi bangu balikimbilia kabla miye sijawazwa. Alikuwa anatoka soko na kitunga ya ndizi kichwani, na alikuwa anaapa ati nilitoka, na kitunga haikuanguka. Kama mungemujua mama, mungekubali. Nilitoka miguu mbele, na nyayo tayari iko na vumbi. Lakini nilitoka kimya. Rangi ya majivu, sipumue, silie.

Njo pale padri muzungu alipita na pikipiki, ndevu yake inafika kwenye tanki ya mafuta. Aliona mwanamuke chini, aliona mutoto amenyamaza. Hakuuliza jina ya baba, hakuuliza kilima ya kwao. Alichota maji ya mufereji na kofia yake, akanimwangia kichwani: "Viator, nakubatiza." Ile maji ilikuwa baridi namna gani! Nililia mpaka pikipiki yake ikazimika, na haikuwaka tena mpaka kesho yake.

Padri alicheka, akamwambia mama: "Ni jina ya Kilatini. Maana yake mwenye kwenda njia."

Musikilize vizuri. Padri alinipa ile jina juu aliona niko naenda. Ilikuwa jina ya kunisindikiza mbinguni, nisipotee kule juu. Haikuwa jina ya kukaa nayo miaka yote hii na kujenga nayo nyumba. Nilipobaki hai, hakuna mwenye alifikiri kunibadilishia.

Ile jina imefanya kazi kuliko punda. Nikiwa mutoto, nyumbani banauliza: "Nani ataenda kuchota maji?" Bote wananiangalia. "Si njo jina yake?" Kaka yangu, yeye padri alimupa jina ya mufalme wa zamani wa Roma, basi yeye alikaa kama mufalme. Miye nilitumwa chumvi, nilitumwa moto kwa jirani, nilitumwa kuangalia kama mvua iko inakuya. Shule ilikuwa kando ya njia. Nilipita pale kila asubuhi na muzigo ya watu kichwani, nasikia batoto banaimba a, e, i. Kabla bafike kwenye o, nilikuwa nimeshapita. Njo maana mpaka leo sijui o na u.

Benye kusoma Kifaransa bananiita Viyatere. Bazee betu balikuwa wanasema Biyatoro. Na kwenye soko ya Kamembe, fasi nilikuwa nabeba mizigo, kuko fundi mumoja wa cherehani, Muislamu, mwenye kupenda mizaha kuliko kushona. Nilimuelezea maana ya jina yangu, akaacha mashine.

"Kumbe ni Msafiri!" alisema. "Bwana wewe hata ukisilimu leo hatufaidi kitu. Mwezi wa Ramadhani msafiri anaruhusiwa kula mchana."

"Basi nipatie ile dini," nikamwambia. "Inanifaa."

"Ngoja. Siku msafiri akifika nyumbani, saumu zote alizokula anazifunga."

"Fundi, basi miye sitazifunga kamwe."

Yeye alicheka. Miye nilicheka pia, lakini nilicheka na mudomo tu.

Juu ile wakati tulikuwa tumeshavuka Rusizi. Vita ilipopita huku, siye tulirudi kwenye inchi yenye wazazi bangu balikuwa banatuimbia tukiwa batoto, ati iko na maziwa inatiririka kwenye milima. Tulikuta kimya. Nyumba ziko wazi, milango inapigwa na upepo, mbwa hazitaki kuangalia muntu. Bakubwa ba komine, serikali ya pale, balituonyesha nyumba moja kule Nyakabuye: "Muingie hapa. Mwenyewe akirudi, mutatoka." Ilikuwa sawa. Tuliingia: miye, bibi yangu wa ndoa, mama yangu, na matela.

Ile matela munapaswa kuijua. Baislamu ba Kamembe banasema godoro. Ilikuwa zawadi ya mama mukwe, siku ya ndoa yetu kule Bukavu. Ni nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Bibi yangu alikuwa anaibeba kichwani yeye mwenyewe, hakuna muntu anaigusa. Jina ya bibi yangu ni ya Kilatini pia, lakini nikiitaja hapa atanipiga, na mugongo yangu haina fasi ingine ya kuuma.

Pale Nyakabuye viazi vitamu vilianza tu kutambaa, mwenye nyumba akarudi. Tukafunga matela. Tukaenda Giheke. Pale maharagi ilitoa maua, mwenye nyumba akarudi. Tukafunga matela. Ng'ambo, Kongo yote ilikuwa inawaka, na bantu benye balikimbilia kule balikuwa banarudi sasa, kila siku, mustari mpaka macho inachoka. Sisemi balikuwa babaya. Nyumba ni yake, aliikanyagia udongo na miguu yake. Muntu anafika, miguu imevimba kama mihogo, anakukuta unakula kwenye mulango yake. Utafanya nini? Unamupatia bugari akule, unamuonyesha fasi kuni iko, unakunja matela.

Kuko kuchoka ya mwili, hiyo unalala, inaisha. Lakini kuko kuchoka ya kufunga kamba ileile na fundo ileile. Ile haiishe na usingizi. Bibi yangu alifika pahali hakutaka tena kutundika sufuria kwenye ukuta. Hakupanda ndizi, juu ya ndizi inataka muntu mwenye atakaa. Alipanda lengalenga tu, mboga yenye unapanda leo, kesho kutwa unachuma, unakimbia. Tukifika nyumba, anaketi juu ya matela yenye imefungwa, haifungui. Ananiangalia.

"Shida si vita," aliniambia. "Vita iko kwa bantu bote. Shida ni jina yako. Jina yako haina kiti."

Nilijaribu kumuchekesha. Nikamwambia hata kuku yetu imeshazoea, ikiona kamba inalala yenyewe na miguu juu ili tuifunge. Alicheka? Hakucheka.

Basi tukafika Mururu, kwenye nyumba moja pale juu, fasi unaona Bukavu ng'ambo ya maji, karibu kama unaweza kuomba chumvi. Na pale bibi yangu akawa mukubwa. Mimba. Alipoanza kusikia mutoto anachezacheza, aliweka mukono kwenye tumbo, akaapa mbele yangu na mbele ya mama yangu:

"Huyu hatapewa ile jina. Sikie vizuri, Papa. Huyu atakuwa muntu wa kukaa. Na ile matela, miye sitaibeba tena. Ikitoka hapa, itoke na miguu yake."

Sasa mama. Mama yangu alikuwa mzee, amekauka kama kuni ya jikoni. Alikuwa anaketi kwenye mukeka karibu na mulango, macho imeingia ndani. Alisikia ile maneno yote. Halafu akasema, si kwa bibi yangu, kwangu:

"Ndugu zako balikuwa na majina mazuri. Mufalme. Mutakatifu. Mwenye heri. Bako wapi?"

Sina hata mumoja.

"Weye mwenye njia njo umebaki. Ile jina ilikuvuta ukiwa umeshakufa, miye niliona. Sasa miye naenda. Ninaiacha kwa nani?"

Munaona? Mama anasema jina iliniweka hai, mutoto apewe, isipotee. Bibi anasema jina inatutembeza, mutoto asiiguse. Na bote babili balikuwa na haki. Miye nilikuwa katikati kama haragi katikati ya majiwe ya kusagia. Mama ananiita Viatori kwa sauti ya juu, mara mbili zaidi ya vile inafaa. Bibi yangu akaacha kuniita kabisa, anasema tu "Weye wa pale, ukae." Hata nikiwa nimeshakaa.

Nilienda paruwasi kumuona padri. Sasa alikuwa padri kijana, wa kwetu, hana ndevu. Nikamwambia: "Padri, ninyi mulinipa jina ya Kilatini ya kutembea. Munipatie sasa ingine ya Kilatini, ya kukaa, ya mutoto."

Padri alitafuta kichwani. "Kuko Konstanti. Maana yake mwenye kusimama imara."

Nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha kama muntu mwenye ameokota mbuzi. Bibi yangu alisikiliza, akauliza: "Kusimama?"

"Imara."

"Muntu mwenye amesimama, bado kidogo anaondoka. Rudi. Mwambie tunataka ya kukaa. Kukaa chini. Matako kwenye kiti."

Nilirudi paruwasi. Padri alicheka mpaka akashika meza. "Papa, mutakatifu mwenye alikaa tu kwake, nani alimusikia? Batakatifu bote balitembea. Hiyo jina hatuna."

Nilitoka pale nimechoka sana. Nikafikiri: kumbe hata mbinguni kule ni njia tu.

Mutoto akazaliwa, kijana. Ndani ya nyumba, juu ya matela, si njiani, na tulishukuru kwa hiyo peke yake. Siku ya munane ikafika, siku ya kupana jina. Munajua desturi yetu, lakini kuko bageni hapa, basi niseme kidogo. Batoto ba jirani banaitwa. Kila mumoja anapewa kajembe ao kijiti, banaenda kulima mbele ya nyumba kama wanasaidia mama ya mutoto. Balime kidogo tu. Halafu mwanamuke mumoja anatoka na maji, anabamwangia: hiyo ni mvua. Banapiga kelele, banakimbia ndani. Ndani kuko ungo kubwa ya maharagi na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, banakula pamoja. Wakishakula, kila mwenye mvua ilimufikia anamupatia mutoto jina. Kila mumoja. Haikatazwe kwa muntu.

Mama yangu alikuwa ameshaita batoto kando asubuhi, anabapatia ndizi ndogondogo, anabanong'oneza. Nilijua anabafundisha nini. Bibi yangu pia alijua. Njo maana alisema maji ataimwanga yeye mwenyewe, ili isibafikie bale ba ndizi, hata kama ni mwanamuke mwenye ametoka kuzaa.

Batoto balilima. Balilima vibaya sana, baling'oa hata lengalenga. Bibi yangu akatokea mulangoni na beseni. Ile beseni alikuwa ameijaza mpaka juu, na ndani alitia uchungu yote ya Nyakabuye, na ya Giheke, na ya mama yangu na ndizi zake. Akaimwanga. Ndugu zangu, nimeona mvua ya Rusizi, nimeona mvua ya Bukavu yenye inabeba nyumba na bantu ndani banalala. Sijaona mvua kama ile. Ilipita juu ya batoto bote, ikabaachia matone tu, ikaenda kuanguka kwenye njia ya kuingia.

Pale kulikuwa muntu.

Muzee mumoja, amekonda, shati imebaki kola na vifungo. Kichwani amebeba matela imekunjwa na kamba. Maji ilikuwa inatoka kwenye matela, inashuka kwenye uso yake, na hakuifuta. Alisimama tu anaangalia nyumba. Hakuangalia siye. Aliangalia mabati, aliangalia dirisha, aliangalia muti ya avoka kama muntu anahesabu vidole vya mutoto wake. Hakuna muntu nyuma yake. Tulingoja kidogo kama kuko mwenye anafuata. Hakukuwa. Hatukuuliza.

Siye bote tulijua. Bibi yangu aliweka beseni chini polepole. Aliangalia ile matela kwenye kichwa ya yule muzee, halafu akageuka kuangalia yetu kule ndani, na niliona mikono yake inatafuta kamba.

Muzee akafungua mudomo: "Hii nyumba..."

Lakini batoto, beye hawajui mambo ya komine. Balisharuka. "Umenyeshewa! Umenyeshewa! Mvua imekushika, unaingia!" Bakamushika shati, bakamuvuta. Mumoja anasukuma matela kwa nyuma. Muntu alirudi kwake akaingizwa ndani kama mugeni, na batoto benye habajui, akakalishwa chini kwenye ungo katikati yao. Mama yangu akamusogezea maharagi. "Kula kwanza, Muzee. Ni desturi."

Alikula. Alikula polepole sana, kama muntu mwenye alisahau njia ya kula. Halafu batoto bakaanza kupana majina. Mumoja akasema Sukari. Mumoja akasema Mupira. Kasichana kamoja kakapana jina ya mbuzi yao, na mbuzi ilikuwa imeshauzwa. Batatu ba ndizi ya mama yangu bakasema Viatori, kwa sauti kubwa, na mama yangu akaangalia paa ya nyumba kama vile hajui kitu. Bibi yangu alikuwa amemushika mutoto kwenye maziwa.

Ikabaki yule muzee.

"Na weye," mama yangu akasema. "Mvua ilikushika kuliko bote."

"Miye sina jina ya kupana, Maman," alijibu. "Yote nilikuwa nayo niliyaacha njiani." Akajipangusa uso mara ya kwanza. Akaniangalia. "Baba ya mutoto anaitwa nani?"

Ngojeni. Mwisho ya hii habari niko nayo hapa mufukoni, haitatoroka. Nibaambie kwanza yenye ilifuata, juu ya nikishasema mwisho mutacheka, hamutanisikiliza tena.

Hatukutoka siku ile, wala mwezi ule. Yule muzee alichukua chumba ya mbele, siye tukachukua ya nyuma, na matela yake tuliianika kwenye muti ya avoka mpaka ikakauka. Nyuma komine ilitupatia fasi yetu, hapo juu kidogo, na yeye mwenyewe alikuya kukanyaga udongo ya matofali yetu. Ile ukuta imeinama njo yake. Bibi yangu alipanda ndizi. Mama yangu alikufa kiangazi kile, kwenye mukeka yake, na wakati tulimukuta, muguu moja ilikuwa nje ya mulango. Mutoto alibatizwa Konstanti, padri alishinda. Munamujua. Amekuwa kijana mukubwa, na kama bibi yangu aliogopa kusimama, aliogopa bure, yule hasimami kamwe. Ukimutuma chumvi anauliza: "Kwani Papa hayuko?" Na miye naenda. Mifupa inalia, lakini naenda. Na ile muzee, mukishuka kwake muulize kilima yote inamuita nani. Mutasikia na masikio yenu.

Basi turudi kwenye ungo.

Aliuliza: baba ya mutoto anaitwa nani. Nikamwambia Viatori.

"Maana yake?"

"Mwenye kwenda njia."

Muzee aliangalia miguu yangu, nyayo imepasuka lakini nimeiosha na sabuni juu ya sherehe. Aliangalia yake, imefungwa na vipande vya kitambaa ya pagne. Akaangalia sufuria kwenye moto, mama kwenye mukeka, bibi na mutoto. Na tabasamu ikatoka kwenye ile uso, sijui ilitoka wapi, nafikiri hata yeye hakujua.

"Weye?" alisema. "Weye uko na moto, uko na mama, uko na mutoto kwenye maziwa. Weye hiyo jina ulibeba ya watu."

Mama yangu akainua kichwa. "Basi nani ataibeba? Jina ya padri haitupwe chini."

Na bibi yangu, mwenye hakuwa amesema neno tangu beseni, akapasuka:

"Muzee, chukua weye! Chukua jina, na matela yetu yenye iko kavu pia uchukue, lakini hii nyumba utuachie!"